Elimu ya Kamera Kubwa (3): Faida ya Kuinamisha Lenzi

Katika makala iliyotangulia tulizieleza sehemu za kamera kubwa ya miguu mitatu: fremu ya mbele inayoshika lenzi, fremu ya nyuma inayoshika kioo cha ukungu na baadaye filamu, na mvukuto unaoziunganisha mbili hizo. Leo yatupasa tuieleze hikima iliyomo katika kulegeza skrubu moja na kuiinamisha ile fremu ya mbele. Kwani wengi hudhani kuwa kuinamisha huko huongeza kina cha kubainika, yaani masafa baina ya kitu cha karibu na cha mbali ambavyo picha huvionyesha vyote wazi, ilhali kwa hakika hakuongezi kitu, bali hukilaza kina kile kile mahali panapohitajiwa.

Na tuchukue mfano wa ufuoni, maji yakiwa yamekupwa. Kamera imesimama mchangani, lenzi yake ya milimita 150 ikiwa mita 1.5 juu ya ardhi. Mita 2 mbele pana kombe la chaza, na mita 40 mbele limekaa jahazi, ncha ya mlingoti wake ikifika mita 10 juu ya mchanga. Mpiga picha ataka kombe libainike hata mistari yake, na jahazi hata kamba zake. Njia ya kwanza imjiayo ni kulibana tundu la lenzi, nayo ni njia yenye heshima, kwani mwaka 1932 huko San Francisco akina Ansel Adams na Edward Weston walilipa kundi lao jina la f/64, ambalo ni kipimo cha tundu dogo mno. Lakini tundu la f/64 hupitisha thumuni tu ya nuru ipitayo katika f/22, hata picha iliyotaka nusu sekunde ikataka sekunde 4, na upepo hauisubiri filamu. Tena nuru ikipenya tundu jembamba hutawanyika, ikaupunguza ule ule uwazi uliotafutwa.

Basi na ajifunike kitambaa cheusi akitazame kioo cha ukungu. Humo dunia imepinduka: mbingu iko chini, na mchanga wa karibu uko juu. Na ilivyo tabia ya lenzi, kadiri kitu kinavyokaribia, ndivyo taswira yake inavyotaka nafasi kubwa zaidi baina ya lenzi na kioo. Kwa kuwa taswira ya kombe imeangukia sehemu ya juu ya kioo, lenzi ikiinamishwa mbele kwa upande wake wa juu, huipa sehemu hiyo nafasi iliyokuwa ikiikosa.

Jambo hili lina kanuni yake. Mfaransa Jules Carpentier aliieleza katika hataza yake ya Uingereza ya mwaka 1901, alipokuwa akishughulikia mashine ya kukuzia picha. Na mwaka 1904 Theodor Scheimpflug, ofisa wa Austria aliyetaka kuzirekebisha picha zilizopigwa kutoka angani, aliifafanua kwa urefu na kumtaja Carpentier kwa uaminifu, ijapokuwa jina lililobaki juu ya kanuni ni lake yeye. Yasema hivi: bapa la filamu, bapa la lenzi na bapa la vitu vinavyobainika, yakirefushwa, hukutana yote katika mstari mmoja. Lenzi na filamu zikiwa wima sambamba, bapa la tatu husimama mbele yetu kama ukuta. Lenzi ikiinama, ukuta ule hulala kama jamvi.

Jamvi hilo lina bawaba yake, chini ya lenzi. Tukitaka bawaba iwe mchangani, mita 1.5 chini, yaani mara 10 ya urefu wa mlengo wa lenzi yetu, yatosha kuinamisha nyuzi 6 kasoro kidogo. Nacho kina cha kubainika hulizunguka bapa kwa umbo la kabari, ncha yake ikiwa kwenye bawaba: kwa f/22 na filamu ya inchi 4 kwa 5, hufika kama sentimita 30 juu na chini ya bapa penye kombe, na kama mita 6 penye jahazi. Bapa likilala juu ya mchanga wenyewe, nusu ya kabari huzikwa bure ardhini, na mlingoti hukatika uwazi wake kwenye mita 6. Kwa hiyo fundi huurefusha mvukuto kidogo tu, bapa likainuka juu ya bawaba yake hata likapita mita 4 juu ya mchanga pale penye jahazi. Hapo kabari hufika ncha ya mlingoti, na kombe lingali ndani. Lakini kando ya kombe ukisimama mti wa kufungia mtumbwi, kimo chake mita 1, nusu yake ya juu itaingia ukungu, kwani karibu na kamera kabari ni nyembamba, na hapana hila ya kuinamisha itakayoinenepesha.

Kwa vitendo, mtu hulenga jahazi kwanza, akainamisha lenzi hata kombe libainike, akalirudia jahazi ambalo sasa limepotea kidogo, kisha kombe tena, mara tatu au nne, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni. Nayo fremu ya nyuma aiache wima, kwani ikiinamishwa hiyo hulibadilisha umbo la vitu, kombe likawa kubwa kupita kiasi.

Juma lijalo, inshallah, tutaisimamisha bawaba hiyo wima, tuone jinsi lenzi inavyogeuzwa ubavu mbele ya ukuta mrefu.

(Itaendelea)