Gari jipya au vituo vinne vidogo?

Kaunti inapotangaza kupanua zimamoto, kitu cha kwanza kutajwa ni gari. Gari linaonekana, na gavana hulizindua mbele ya kamera. Lakini tangu Katiba ya Kenya ya 2010 izikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, mnunuzi ni mwananchi anayeketi kwenye kikao cha maoni ya umma, na anachonunua hasa ni dakika: zile zinazopita tangu simu ipigwe hadi maji yaanze kumwagika.

Tuanze na gharama isiyopigwa picha. Gari jipya la zimamoto huuzwa kwa makumi ya mamilioni ya shilingi, na hulipiwa mara moja. Watu wake hulipwa kila mwezi. Gari moja linahitaji angalau wanne: kiongozi, dereva anayesimamia pampu, na wawili wa kushika mpira wa maji. Zamu ni tatu za saa nane, na lazima kiwepo kikosi cha nne ili wengine wapumzike. Hao ni watu 16 kwa gari moja, kabla hujahesabu likizo na ugonjwa.

Hapo ndipo sheria inapobana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni za 2015 zinazuia mishahara ya kaunti isipite asilimia 35 ya mapato. Gari ni maendeleo. Mzimamoto ni mshahara. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kununua gari la pili kuliko kuajiri watu wa gari la kwanza. Mimi naona gari lisilo na kikosi cha usiku ni hasara tupu, hata likiwa jipya kiasi gani, kwa sababu moto wa usiku ndio unaowakuta watu wamelala.

Sasa umbali. Kigezo kinachotumika sana Marekani, NFPA 1710, hulipatia gari la kwanza dakika nne za safari. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, dakika nne ni chini kidogo ya kilomita tatu. Kwenye msongamano, mwendo ukishuka hadi 15, ni kilomita moja tu. Makao makuu ya kifahari yaliyojengwa mjini hayamfikii mtu wa pembezoni kwa wakati. Lakini kuongeza vituo nako kuna hesabu yake: watafiti waliochunguza zimamoto ya New York miaka ya 1970 walionyesha kwamba, kwa wastani, umbali hupungua kulingana na kipeuo cha pili cha idadi ya vituo. Vituo viwili badala ya kimoja hupunguza safari kwa takriban asilimia 30. Ili ufike nusu unahitaji vinne. Ndiyo maana napendelea vituo vidogo vya bei nafuu: kontena mbili, choo, simu, kivuli cha gari, na fedha zote zilizobaki ziende kwa watu.

Hata hivyo, ukaribu peke yake hautoshi. Soko la Gikomba, Nairobi, haliko mbali na kituo cha zimamoto cha Tom Mboya Street, na bado moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Soko lililobanana huacha vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Tena kuna maji: gari lenye lita 5,000, likitoa lita 400 kwa dakika, hukauka baada ya dakika 12 na ushei. Fungua mipira miwili, ni sita. Kisha linaondoka kutafuta maji huku watu wakilitazama. Tangi la akiba kando ya soko ni rahisi kuliko gari, na halihitaji dereva. Mji mkongwe wa Lamu, ambako njia ni za punda na miguu, unafaidika zaidi na pampu ndogo za kubebwa zinazovuta maji ya bahari kuliko lori lolote.

Halafu kuna mahali ambapo hakuna kituo kitakachowahi. Usiku wa Septemba 5, 2024, wavulana 21 walifariki baada ya bweni lao kuungua katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mashambani kule, dakika nne ni ndoto. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 tayari unataka milango yenye upana wa futi tano inayofunguka nje, madirisha yasiyo na vyuma, na mita 1.2 kati ya vitanda. Gharama yake ni fundi na ukaguzi. Mzazi anaweza kuyapima hayo mwenyewe siku ya kumpeleka mtoto.

Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, kwa hiyo maoni hupokewa mapema. Fungua ukurasa wa zimamoto, utafute mstari wa ajira. Ukiona gari bila watu 16, muombe mwakilishi wadi wako fedha hizo zihamishwe zikajenge matangi na visima karibu na masoko: hiyo pia ni maendeleo kisheria, na inaweza kuanza mwaka huu huu.