Uchaguzi wa Marekani Machoni pa Waangalizi wa Ulaya

Uchaguzi wa rais wa Marekani hauna tume ya taifa inayouendesha, na hilo huwashangaza wageni wa Ulaya pengine kuliko hata fedha zinazomwagwa katika kampeni. Ipo Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho mjini Washington, lakini kazi yake ni kusimamia fedha za kampeni tu. Kila jimbo kati ya majimbo 50 lina sheria zake, na shughuli ya kuandikisha wapiga kura na kuhesabu kura hufanywa na maofisa wa majimbo, kaunti na miji, ambao baadhi yao wamechaguliwa kwa tiketi ya chama. Ujerumani raia huingizwa katika daftari la wapiga kura kutokana na taarifa za makazi zilizoko katika manispaa yake, na matokeo hutangazwa na msimamizi mkuu wa uchaguzi. Marekani mshindi hutajwa kwanza na vyombo vya habari, hasa shirika la Associated Press, lililoanza kazi hiyo mwaka 1848, na Bunge huja kuzihesabu kura rasmi mwezi Januari.

Waangalizi wenyewe hutumwa na Shirika la Usalama na Ushirikiano Barani Ulaya, ambalo Marekani ni mwanachama wake, kwa kuwa nchi wanachama ziliahidi mjini Copenhagen mwaka 1990 kualikana kushuhudia chaguzi zao. Tangu 2002 wamekuwa wakienda Marekani, ila mwaliko wa serikali ya shirikisho hauwafungulii milango ya vituo vyote, maana sheria ya vituo ni ya jimbo. Mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu wa Texas, Greg Abbott, aliwaonya kwa barua kwamba kukaribia mlango wa kituo kwa umbali wa chini ya futi 100, yaani kama mita 30, kungeweza kuwa kosa la jinai. Msomaji wa Kenya, aliyezoea kuwaona waangalizi wa Umoja wa Ulaya wakiingia vituoni na fulana zao, huenda akatabasamu.

Jambo jingine linalowatatiza Wazungu hao ni wajumbe wa uchaguzi, yaani watu 538 ambao kura zao ndizo zinazomweka rais madarakani, na mgombea huhitaji 270 kati yao. Karibu kila jimbo humpa aliyeongoza humo wajumbe wake wote, na ndiyo maana mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa takriban kura milioni 2.9 za wananchi na bado akashindwa. Mfaransa, anayemchagua rais moja kwa moja tangu 1965, huona hesabu hiyo ni kichekesho. Mwingereza hana haki ya kucheka sana, kwa sababu mwaka 2024 chama cha Labour kilipata takriban asilimia 34 ya kura na kuchukua zaidi ya asilimia 60 ya viti vya Bunge.

Ripoti za waangalizi hutoa mapendekezo tu, hazina nguvu ya sheria. Zimekumbusha mara kadhaa kwamba wakazi wa Washington, wanaompigia rais kura, hawana mbunge mwenye haki ya kupiga kura bungeni, na hali hiyo haijabadilika.