Njia ndefu ya mwanasaikolojia tiba

Kijana akirudi Kitale au Bungoma na digrii ya kwanza ya saikolojia, majirani humwita daktari wa akili siku hiyo hiyo. Bado hajafika huko. Kumtibu mtu hufunzwa kwenye uzamili, na wengi huufuata Nairobi, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi na USIU-Africa hufundisha saikolojia tiba.

Anayesomea saikolojia tiba hasomei kuandika dawa. Hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, aliyepitia udaktari kwanza. Mwanasaikolojia hupima, kisha hutibu kwa mazungumzo yenye mpango. Darasani kuna nadharia na utafiti, lakini kinachomfanya mtaalamu ni usimamizi: anaketi na mgonjwa, halafu anaketi na mkufunzi na kumweleza alichouliza, alichokwepa, na pale alipokimbilia kutoa ushauri mtu akiwa bado analia. Ningeambiwa nipunguze mafunzo, sehemu hii nisingeigusa.

Chukua dodoso la PHQ-9 la kupima sonona, lenye maswali tisa kuhusu hali ya mtu kwa wiki mbili zilizopita. Lilijaribiwa huku magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na VVU, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Ni chombo kizuri. Lakini mama wa Cheptais aliyeona mapigano ya ardhi ya Mlima Elgon, kati ya 2006 na 2008, huenda asitamke neno huzuni hata mara moja. Atasema kichwa kinawaka moto, anafikiria sana, usiku hapati usingizi. Mwanafunzi asiyetambua kwamba hayo ndiyo majibu atajaza sifuri na kumruhusu aende nyumbani. Kosa la namna hiyo halionekani kwenye mtihani. Hulinasa msimamizi anayewajua watu wa huku.

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka mtoa huduma asajiliwe na bodi, kwa hiyo una haki ya kumwomba cheti kabla hujamfungulia moyo.

Natamani sehemu ya mazoezi ya kuketi na mgonjwa chini ya msimamizi ifanyike katika hospitali za Kitale na Bungoma. Barabara ya kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye ni ya lami. Msimamizi mmoja anaweza kuwa Kitale Jumanne na Bungoma Alhamisi.