Koma ya Kisukari na Hatima Yake

Aletwapo mgonjwa katika zahanati ya kijiji kimojawapo cha Bahi au Kongwa, naye hana fahamu, midomo imemkauka na anatweta kwa pumzi ndefu nzito, aghalabu jamaa zake hunena kwamba malaria imempanda kichwani. Na dhana hiyo si ya kudharauliwa, maana malaria kali nayo huweza kuishusha sukari ya damu hata mtu akazirai, lakini tone moja la damu ya kidoleni, likitiwa katika kipimo, hubainisha upesi kama kisukari ndicho kilichomfikisha pale. Kwa rai yangu, asipakiwe garini mgonjwa yeyote wa namna hiyo kabla tone hilo halijatolewa.

Mwili ukikosa insulini, sukari hujaa katika damu pasipo kutumika, figo huitoa kwa mkojo pamoja na maji na chumvi, na mafuta ya mwili huyeyushwa badala yake, yakazaa tindikali: hiyo ndiyo koma ya vijana na ya wanaoishi kwa sindano, ambayo huwaangusha kwa siku moja au mbili. Ya wazee hujikusanya taratibu, pengine kwa wiki nzima, haina tindikali nyingi ila hukausha mwili zaidi, hata mtu akapungukiwa maji kadiri ya lita 9. Na mwezi wa Oktoba, jua la Dodoma linapochoma kabla ya mvua, kiu ya mzee kama huyo hudhaniwa ni ya joto tu.

Wengi hudhani hatari hukoma dripu inapotundikwa. Sivyo. Insulini inaposhusha sukari huisukuma pia potasiamu iingie katika chembe za mwili, na ikipungua mno katika damu moyo huenda mrama au ukasimama, ndiyo maana tabibu mwangalifu huipima kwanza, na akiikuta chini huirudisha kabla ya kuchoma sindano. Watoto wana hatari yao, kuvimba kwa ubongo katika saa za mwanzo za matibabu: huwapata wachache, hawafiki mmoja katika kila 100, lakini kadiri ya robo ya wanaopatwa hufariki, na baadhi ya wanaopona hubaki na ulemavu. Damu iliyokauka huweza kuganda miguuni na donge likapanda mapafuni. Figo huweza kugoma. Na matapishi, au uji anaonyweshwa mtu asiye na fahamu kwa huruma isiyo na elimu, huingia mapafuni.

Kabla ya insulini kutiwa kwa mara ya kwanza katika mwili wa binadamu, Toronto, Januari 1922, koma hii ilikuwa mauti karibu kwa kila aliyeingia. Leo, katika hospitali yenye maabara na wauguzi wa kutosha, ile ya tindikali huua pungufu ya mtu mzima mmoja katika 100, ilhali ile ya wazee huua 10 hadi 20. Huku kwetu hesabu imekuwa nzito zaidi: utafiti wa Dar es Salaam uliowafuata wagonjwa 1,250 walioandikishwa kati ya 1981 na 1987 ulikuta kwamba, katika waliohitaji insulini, takriban 7 tu katika kila 10 walikuwa hai baada ya miaka 5, na tindikali ilikuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vyao.

Koma ya sukari kushuka ina tabia nyingine. Mgonjwa huzinduka mara tu anapochomwa glukosi, jamaa wakashukuru na kutaka kurejea Mpwapwa jioni ileile. Nao hawajui kwamba vidonge vya glibenklamaidi, hasa kwa mzee mwenye figo dhaifu, huendelea kuishusha sukari hata baada ya siku nzima, kwa hiyo yampasa alale wodini.

Anayeruhusiwa kurudi kijijini na insulini, penye nyumba isiyo na umeme, apewe pia maarifa ya kuihifadhi: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga unaonyeshewa maji kila siku, huipoza dawa vizuri katika hewa kavu ya nyanda hizi kuliko katika unyevu wa pwani, na chupa iliyokwisha kufunguliwa, ikikaa humo, hutumika kwa wiki 4.