Faksi Ndani ya Barua Pepe: Utangulizi kwa Ofisi za Chai

Chai haiondoki Kapkoros au Litein kwenda Mombasa bila karatasi. Kuna hati ya shehena, orodha ya gredi na magunia, ripoti ya waonjaji wa dalali, halafu bei iliyopatikana mnadani. Mnada wenyewe ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa 1969. Kutoka Kericho au Bomet hadi huko ni zaidi ya kilomita 700 za barabara. Karatasi hizo zimevuka umbali huo kwa posta, kwa teleksi, kwa faksi, kisha kwa barua pepe. Historia hiyo ni pana. Hapa nakukaribisha kwenye kipande chake ambacho wengi hukiruka: faksi na barua pepe zinapokaa ndani ya kompyuta moja, na mtu akalazimika kuziunganisha.

Usidhani nakupeleka makumbusho. Nambari za faksi bado zimechapwa kwenye vichwa vya barua za ofisi nyingi, chini ya sanduku la posta, na programu za kuziunganisha na barua pepe zingali zinatengenezwa. Zaidi ya hayo, fani hii ndogo inafundisha jambo moja ambalo mifumo mipya haijalimaliza: nani anashuhudia kwamba ujumbe umefika?

Tuanze na faksi. Mashine mbili hupigiana simu. Ya kwanza hutoa mlio wa hezi 1100, ya pili hujibu kwa mlio wa hezi 2100, zikaafikiana kasi, kisha ukurasa ukaanza kupita mstari kwa mstari, kila mstari ukiwa na nukta 1728. Ukurasa ukiisha, mpokeaji hukiri kuupokea, ndipo unaofuata uanze. Kanuni hizo, zinazoitwa Kundi la Tatu, zilipitishwa kimataifa mwaka 1980. Ni kama kituo cha kununulia majani: mkulima haondoki mpaka majani yake yapimwe na yeye apewe risiti ya kilo zake.

Barua pepe haifanyi hivyo. Kwa kanuni zilizoandikwa mwaka 1982, kompyuta yako huikabidhi barua kwa seva ya kwanza, nayo huikabidhi kwa nyingine, mpaka ifike kikashani mwa mtu ambaye huenda amelala. Unachojua kwa hakika ni kwamba seva ya kwanza imeipokea. Kwa hiyo ukiifanya programu ya barua itume faksi, neno "imetumwa" hubadilika maana bila kukuarifu. Programu ya barua huliandika mara tu inapoikabidhi hati kwa programu ya faksi, wakati modemu, kifaa kinachoiunganisha kompyuta na laini ya simu, haijapiga hata nambari moja. Hapo ndipo makosa mengi ya fani hii huzaliwa, na mgeni akilielewa hilo mapema amejipunguzia nusu ya taabu.

Njia ya kuunganisha iliyokuwa ya kawaida zaidi ni kuifanya faksi ionekane kama printa. Unaandika barua, unachagua kuichapa, na badala ya karatasi kutoka, programu huigeuza hati kuwa picha ya nukta nyeusi na nyeupe na kuipa modemu. Njia ya pili ni ya ndani zaidi: faksi huwa aina ya anwani katika programu ya barua, na mwandishi huandika nambari ya simu mahali pa jina. Windows 95 ilijaribu hivyo, ikiweka faksi na barua pepe katika kikasha kimoja. Baadaye Outlook 98 na Outlook 2000 zilikuja na WinFax Starter Edition, lakini ilifanya kazi tu ikiwa aliyesanidi kompyuta alichagua mtindo wa barua za intaneti pekee. Akichagua ule wa ofisi yenye seva yake, faksi hiyo haikuwapo. Uamuzi uliofanywa siku ya kwanza na fundi mwenye haraka uliweza kumsumbua karani miezi kadhaa baadaye, naye akailaumu laini ya simu.

Nambari zenyewe zinastahili kikao kirefu. Iandike kwa ukamilifu kila mara, ukianza na alama ya kujumlisha, 254, kisha 52 kwa Kericho na Bomet au 41 kwa Mombasa, bila sifuri ya mbele. Ndipo programu, ikiwa imeambiwa iko wapi, itajua yenyewe cha kuongeza au kupunguza. Ukiandika 052 kwa mazoea, kompyuta hiyohiyo ikipelekwa ng'ambo itapiga nambari isiyo na mwenyewe. Ofisi ambazo simu zake hupitia mtambo wa ndani zinahitaji tarakimu ya kutokea nje, kisha mkato. Mkato huo huiambia modemu isubiri kidogo kabla ya kuendelea.

Ubora wa picha je? Mimi sina subira na wanaotumia ubora wa kawaida ili kuokoa sekunde. Katika jedwali la kilo na bei, ubora huo, wenye mistari isiyofika minne kwa milimita, huweza kulifanya 3 lisomeke 8. Chagua ule mwembamba, wenye mistari maradufu.

Kupokea ni kugumu kuliko kutuma. Barua pepe humjua mtu. Faksi huijua mashine. Ripoti ya dalali ikiingia kwa faksi, haina namna ya kusema kama ni ya meneja wa kiwanda au ya mhasibu, ila kwa maandishi yaliyomo ndani ya picha. Ofisi kubwa hutenga nambari kwa kila idara. Nyingine huelekeza faksi zote kwenye kikasha kimoja, na mtu huzifungua, huzisoma na kuzigawa. HylaFAX, programu huria ya tangu miaka ya 1990, hufanya kazi hii vizuri: huipokea faksi, huiambatisha kwenye barua pepe, na zaidi ya yote humrudishia mtumaji barua ya kumweleza kama hati yake ilifika au ilishindikana. Hapo ile risiti inarudi.

Nyanda za chai zina adui wake pia. Kericho inatajwa miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na dhoruba hizo huja na radi. Watu huchomoa waya wa umeme wakausahau wa simu, na modemu huungua kupitia huo wa pili. Kisha nyaya za shaba za simu za mezani zikaandamwa na wezi nchini kote, ofisi zikahamia simu za mkononi, ambazo sauti yake iliyobanwa haibebi milio ya faksi. Jibu lilikuwa limeshaandikwa mwaka 1998, zilipotolewa kanuni mbili: T.37, inayoisafirisha faksi kama kiambatisho cha barua pepe, na T.38, inayoipitisha papo hapo juu ya intaneti. Ya kwanza ni rahisi na hustahimili mtandao wa kusuasua. Ya pili huhifadhi mazungumzo ya mashine mbili na ukiri wao. Ukilazimika kuchagua, jiulize kwanza unahitaji ushahidi wa aina gani.

Tangu 2020 mnada wa Mombasa unaendeshwa kielektroniki, na hati nyingi hazigusi karatasi kabisa. Kwa anayeingia leo, ningemshauri asianze na mipangilio bali na faili la kumbukumbu la programu ya faksi, ambamo kila simu huandikwa saa yake, nambari, kurasa na matokeo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, baada ya marekebisho ya 2009, inakubali rekodi za kompyuta mahakamani, lakini kifungu cha 106B kinadai cheti kinachoeleza rekodi ilivyotolewa, kikiwa na sahihi ya mtu mwenye dhamana ya mtambo huo. Kwa hiyo, kabla ya kusanidi chochote, ofisi iamue mtu huyo ni nani.