Nani Ameshika Usukani?

Wahenga walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika ndege ya mafunzo manahodha ni wawili tu, mwalimu na mwanafunzi wake, lakini kila mmoja ana usukani mbele yake na pedali miguuni pake. Je, ni nani kati yao anayeiongoza ndege?

Katika ndege ndogo kama Cessna 172, sukani hizo mbili zimeunganishwa. Mwalimu akiuvuta wake, wa mwanafunzi nao huvutika. Muungano huo humwezesha mwalimu kusahihisha kosa upesi. Lakini haumwambii mwanafunzi kama mwalimu ametwaa uongozi, au amegusa tu ili kumsaidia.

Hapo huzaliwa hatari mbili. Ya kwanza ni wote wawili kuachia, kila mmoja akidhani kuwa mwenzake ameshika. Hatari hii hujificha, kwa sababu ndege iliyosawazishwa vyema huendelea kwenda sawa kwa muda hata ikiachwa. Ya pili ni wote wawili kushika: mmoja avuta, mwingine asukuma, na karibu na ardhi hakuna nafasi ya kushindana.

Dawa yake ni kauli tatu, ambazo marubani hufundishwa tangu siku za mwanzo. Tukizisema kwa Kiswahili, zingekuwa hivi:

Mwalimu: "Shika wewe."
Mwanafunzi: "Nimeshika mimi, mwalimu."
Mwalimu: "Naam, umeshika wewe."

Kauli ya kwanza yatoa habari. Ya pili yathibitisha kwamba habari imefika. Ya tatu yathibitisha kwamba jibu nalo limesikika. Anayetoa uongozi haachii mpaka asikie jibu na kuona kwa macho kwamba mwenzake ameshika. Aidha, kabla ya kuruka hukubaliana kwamba mwalimu akisema "Nashika mimi", mwanafunzi ataachia papo hapo, hata akiwa na hofu.

Kanuni hii si ya wanagenzi peke yao. Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France aina ya Airbus A330 ilikuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Juu ya bahari ya Atlantiki, barafu iliziba vijibomba vya kupimia mwendo, na mtambo ulioiongoza ndege ukajizima. Rubani mmoja aliinua pua ya ndege kupita kiasi, hata mabawa yakapoteza nguvu ya kunyanyua.

Katika ndege ya aina hiyo, kila rubani ana kijiti chake cha kuongozea, na vijiti hivyo havikuunganishwa. Kimoja kikisogezwa, cha pili hakisogei. Wote wawili wakivisogeza pamoja, kompyuta hujumlisha amri zao. Zikiwa sawa na kinyume, hufutana. Kipo kitufe cha kukinyamazisha kijiti cha mwenzako. Rubani wa pili alitwaa uongozi, lakini mara mwenzake aliurudisha kwake bila kutamka neno. Dakika 4 na sekunde 23 baada ya mtambo kujizima, ndege iliangukia baharini, na watu wote 228 waliokuwamo wakafa. Taarifa ya mwisho ya wachunguzi wa Ufaransa, iliyotolewa mwaka 2012, ilionyesha sababu nyingi. Kuvurugika kwa ushirikiano baina ya marubani ilikuwa mojawapo.

Walimu waweza kuonyesha jambo hili darasani. Wanafunzi wawili, wakiwa wamefumba macho, wapokezane bakuli lililojaa maji mara kumi bila kusema neno. Kisha mara kumi kwa kauli tatu. Maji yaliyomwagika kila awamu yapimwe na kulinganishwa. Wajadili pia: ni kazi gani nyingine, hospitalini au kiwandani, ambamo uongozi hupokezanwa, na ambamo kimya chaweza kuua?