Darajani ikijengwa upya, mkulima atashushia wapi mzigo?

MJADALA wa kuuendeleza Mji Mkongwe wa Zanzibar si mgeni. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tangu hapo, kila unapozuka mradi mkubwa watu hugawanyika. Wapo wanaotaka jiwe lisiguswe, na wapo wanaouliza watu watakula mawe? Ndivyo ilivyokuwa kwa jumba la Mambo Msiige, lililogeuzwa hoteli na kufunguliwa mwaka 2015. Yalibishaniwa majengo, ukabishaniwa na ufukwe.

Anayeulisha mji huo ni nadra kusikika katika mabishano hayo.

Chukua soko la Darajani. Jengo lake la zamani ni la mwaka 1904, na limesimama ukingoni mwa Mji Mkongwe, mahali ambapo zamani maji ya bahari yaliutenga mji wa mawe na Ng'ambo. Daraja lililovuka maji hayo ndilo lililoacha jina; maji yenyewe yalifukiwa, ikapita barabara. Kwa mfanyabiashara, hapo ni njia panda. Upande mmoja kuna wakazi wa vichochoroni, mahoteli na watalii, na upande wa pili maelfu ya familia za Ng'ambo. Kwa miaka mingi gari za shamba zilikuwa zikiishia hapo hapo, kwa hiyo ndizi, muhogo na mchicha vilishuka mlangoni kwa mnunuzi.

Wanaotaka mabadiliko wana hoja nzito. Eneo ni finyu, lori haliwezi kugeuka, na majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa hayavumilii kupuuzwa. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Kuacha kila kitu kama kilivyo nako kuna gharama, tena ya roho za watu.

Lakini hebu tupige hesabu ya mkulima, kwa mfano tu. Tuseme ana mikungu 10 ya ndizi, kila mmoja Sh15,000, jumla Sh150,000. Akitoa gharama za shamba na usafiri wa kawaida, tuseme Sh110,000, anabakiwa na Sh40,000. Soko likisogezwa, akalazimika kulipa hamali au gari ya pili Sh1,000 kwa mkungu, zimeondoka Sh10,000. Mpangaji wa mji ataiona ni asilimia 7 tu ya mauzo. Kwa mkulima ni robo nzima ya faida, na ndizi iliyoiva haingoji kesho apate bei nzuri zaidi.

Sisemi masoko yasihamishwe. Biashara ya jumla haina sababu ya kubanana na vichochoro. Masoko mapya ya Jumbi na Mwanakwerekwe yana nafasi ambayo Darajani haitaipata kamwe, na kwa mkulima wa Wilaya ya Kati, Jumbi ni karibu zaidi. Rejareja ni jambo jingine. Mama wa Mji Mkongwe anayenunua pweza na fungu la mchicha hatapanda gari kwenda Jumbi kila siku. Ataishia kununua kwa mchuuzi wa mlangoni, kwa bei ya juu, na tofauti hiyo haimfikii aliyelima.

Hatari ninayoiona zaidi ni kodi. Eneo likipendeza, pango hupanda, na muuza muhogo hawezi kushindana na muuza picha na vinyago. Sokoni kukibaki vinyago vitupu, hata mtalii atapaona kama duka la uwanja wa ndege.

Kinyume chake kimewahi kufanyika, tena dakika chache kutoka hapo kwa miguu. Bustani ya Forodhani ilipokarabatiwa chini ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, wauza vyakula vya usiku walipisha ujenzi, na ilipofunguliwa mwaka 2009 walirudi, kwa kuwa nafasi yao ilikuwa ndani ya mchoro tangu awali.

Kwa hiyo mwenye kizimba anayeambiwa apishe ujenzi, Darajani au kwingineko, asiridhike na ahadi ya mdomo. Adai karatasi inayotaja ukubwa wa nafasi atakayorudia, kodi yake kwa miaka mitatu ya mwanzo, na ni nani atakayelipa iwapo ujenzi utachelewa. Wakulima nao, kupitia vyama vyao vya ushirika, waulizie saa za kushusha mizigo. Mchicha uliokatwa jana jioni ukizuiwa getini hadi saa tatu asubuhi, mlaji hautaki tena.